Rumeni ya ng'ombe: ngao au kiwanda cha sumu?

Machipukizi ya mtama uliodumazwa na ukame ni hatari zaidi kwa ng'ombe kuliko kwa nguruwe au farasi. Anayesikia hivyo mara ya kwanza hudhani msemaji amechanganya wanyama, maana ng'ombe ndiye tunayemsifu kwa tumbo lisilochagua: mabua, maganda, nyasi ngumu kama kamba, vyote huingia na maziwa hutoka. Lakini sumu ya mtama, sianidi, huja imefungwa kwenye sukari, na maadamu imefungwa haina madhara. Kwa nguruwe, asidi kali ya tumbo huvizima vimeng'enya vya mmea ambavyo vingeifungua. Kwa ng'ombe, chakula hutua kwanza kwenye rumeni, lile tumbo la mwanzo na kubwa kuliko mengine, penye majimaji, joto la nyuzi 39 hivi na asidi kidogo. Humo bakteria huikata sukari waile, na sianidi wanamwachia ng'ombe.

Mjadala kuhusu bakteria hawa una kambi mbili. Ya kwanza husema rumeni ni ngao: kila sumu ya mmea hukutana na bakteria kabla ya kukutana na damu, na ndiyo sababu wanyama wanaocheua hula majani ambayo wengine wasingethubutu. Ya pili husema rumeni ni kiwanda cha sumu, kinachochukua kitu kisicho na neno na kukifanya silaha. Kila kambi ina ushahidi wa kweli mkononi, ndiyo maana hakuna anayenyamaza. Mimi naona zote mbili zimejikwaa mahali pamoja: zinadhani bakteria wana habari na ng'ombe.

Hawana. Rumeni ya ng'ombe mzima huchukua lita 100 na zaidi, na katika kila mililita mna bakteria bilioni 10 au hata zaidi, wakigombania nishati pasipo oksijeni. Kazi yao ni kutafuta cha kula na pa kutupa hidrojeni inayobaki. Molekuli ya mmea ikipita, mmoja hunyofoa sukari, mwingine huondoa kikundi cha methili, wa tatu huibandika hidrojeni. Kinachopaswa kuulizwa, basi, ni hatua ipi inakwenda mbio na ipi inachelewa. Madhara mengi huzaliwa katikati ya hizo mbili.

Nitrati ni mfano mfupi na ulio wazi. Majani yaliyojaa nitrati yakiingia, bakteria huigeuza haraka kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa amonia, ambayo wenzao huitumia kujenga protini. Hatua zote mbili zikienda sawia, ng'ombe amepata chakula. Ya kwanza ikiitangulia ya pili, nitriti hujaa, huingia kwenye damu na kuiharibu hemoglobini isibebe oksijeni. Damu hugeuka rangi ya chokoleti. Hapa kambi zote mbili zina haki, na zinazungumzia njia ileile. (Nitrati hiyohiyo, kwa kipimo cha uangalifu, imejaribiwa kama nyongeza ya kupunguza methani, kwa kuwa huipokonya hidrojeni ambayo ingetumika kutengeneza gesi hiyo.)

Lusina ndiyo fahari ya kambi ya ngao. Mti huu wa jamii ya kunde una protini nyingi, ila majani yake yana mimosini. Vimeng'enya vya majani yenyewe na bakteria wa rumeni huibadilisha kuwa DHP, kemikali inayoizuia tezi ya shingo kutumia iodini. Mnyama huota rovu, hukosa hamu ya kula, hukonda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mifugo ya Australia, ilhali mbuzi wa Hawaii walikula lusina na kustawi. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, alishuku kwamba tofauti iko kwa bakteria, si kwa mbuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bakteria kutoka Hawaii walipelekwa Australia na kupandikizwa kwenye rumeni za mifugo, nayo ikaanza kuivunja DHP. Mwaka 1992 bakteria mmojawapo alipewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones mwenyewe.

Ni kisa kizuri, lakini kinasimuliwa nusu. Bakteria walioiondoa DHP walikuwa wakisafisha uchafu ambao bakteria wenzao walishiriki kuuzalisha. Hatua ya mwanzo bakteria wengi wanaiweza, ya mwisho wachache. Nafasi iliyopo katikati ndiyo rovu. Tena, vipimo vya baadaye vilionyesha DHP ikiendelea kutoka kwenye mkojo wa baadhi ya makundi yaliyokwisha kupandikizwa, na watafiti wakaanza kuangalia pia kazi ya ini, ambalo huifunga DHP na kuipunguza makali. Anayemtaja Synergistes kama dawa ya kumeza mara moja na kusahau anavuka mipaka ya ushahidi.

Kisa kinachozisumbua zaidi kambi zote mbili ni cha klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde. Miaka ya 1940, wafugaji wa Western Australia walishuhudia kondoo majike wakikosa kushika mimba, wengine wakizaa kwa taabu, wengine kizazi kikitoka nje. Ripoti ya mwaka 1946 iliyahusisha matatizo hayo na malisho ya klova. Mshtakiwa alikuja kujulikana kuwa ni isoflavoni, kemikali za mmea zinazoiga homoni ya estrojeni.

Klova ina isoflavoni za aina kadhaa, na rumeni haizitendei sawa. Biokanini A hugeuzwa kuwa genisteini, kisha genisteini huvunjwavunjwa hadi ibaki fenoli ndogo isiyo na nguvu yoyote ya homoni. Kambi ya ngao ipige makofi. Formononetini nayo huvuliwa kikundi cha methili ikawa daidzeini, kisha ikaongezewa hidrojeni ikawa ekwoli, na hapo safari inaishia. Formononetini yenyewe ni dhaifu. Ekwoli hushika vipokezi vya estrojeni kwa nguvu zaidi. Genisteini na daidzeini zinatofautiana kwa kikundi kimoja tu cha oksijeni na hidrojeni. Tumbo ni moja, na bakteria ni jamii moja. Lakini moja inazimwa na nyingine inanolewa.

Halafu kuna suala la kuzoea, ambalo ushauri mwingi wa malisho hulitegemea: mwanzishe mnyama polepole, bakteria watajipanga. Kondoo aliyeingizwa kwenye klova husumbuliwa siku za kwanza na genisteini. Bakteria wakishazoea, huivunja upesi na tatizo hilo hupungua. Ila bakteria waliozoea ni mahiri pia wa kutengeneza ekwoli. Kuzoea kumemwokoa na adui mmoja na kumkabidhi kwa mwingine. Ng'ombe hupitia mabadiliko hayohayo ya kemikali lakini kwa kawaida huathirika kidogo kuliko kondoo, kwa hiyo jibu lote haliwezi kutafutwa ndani ya rumeni peke yake.

Kwa hiyo nikiulizwa tuwaamini bakteria au tuwaingilie, jibu langu hutegemea hatua iliyokwama. Kwa nitrati, hatua ya pili inaweza kukuzwa: mnyama akianzishwa taratibu na kupata wanga wa kutosha, bakteria huimaliza nitriti. Kuzoesha kunafaa. Kwa lusina, hatua ya pili wakati mwingine haipo kabisa au ipo kwa uchache, na subira peke yake haiumbi bakteria asiyekuwepo. Hapo kupandikiza kuna mantiki. Kwa ekwoli, tatizo ni bidhaa ya mwisho yenyewe. Ndiyo maana suluhisho la maana kwa klova halikutoka tumboni bali shambani, pale wakuzaji wa mbegu walipotoa aina zenye formononetini kidogo. Kwa sianidi, kasi ndiyo kila kitu, maana ini huweza kuigeuza kuwa tiosianati, yenye sumu ndogo zaidi, likipewa nafasi, na mnyama mwenye njaa aliyeachiwa mtama mchanga halipi nafasi hiyo.

Kambi ya sumu itasema orodha hiyo yote ni ya kuzima moto. Hapo nawapinga, na ushahidi wangu ni mafuta. Asidi za mafuta zisizokolea, yaani zenye nafasi ya kupokea hidrojeni zaidi, zilizomo kwenye majani ni sumu kwa bakteria wengi wa rumeni, nao hujilinda kwa kuzibandika hidrojeni hadi ziwe asidi ya steariki. Ndiyo sababu ng'ombe hula majani yenye mafuta laini, nasi tunapata siagi ngumu. Lakini hatua ya mwisho ya kazi hiyo ni ya polepole, na njiani hurundikana asidi ya vaksini. Sehemu yake hutoroka rumeni, hufika kwenye kiwele, na humo hugeuzwa kuwa asidi ya rumeniki, mojawapo ya zile asidi za linoleiki zenye muundo tofauti ambazo wapenzi wa maziwa ya ng'ombe wa malishoni huzisifu. Uchelewaji uleule unaoleta nitriti na rovu, hapa umetoa kitu kinachotafutwa.

Haukutolewa kwa hisani, hata hivyo. Punguza nyuzinyuzi, ongeza wanga na mafuta ya mbegu, asidi ya rumeni ipande, na bakteria wengine watashika usukani. Hidrojeni itaanza kubandikwa kwa njia nyingine, na mojawapo ya asidi zitakazopatikana njiani, kwa kiasi cha gramu chache tu kwa siku, hukibana kiwele kisitengeneze mafuta. Mkamuaji ataliona hilo kwenye krimu kabla ng'ombe hajaonyesha dalili yoyote.