Picha mbili haziwezi kumstaafisha babu

Mpwa wangu katupia picha mbili za MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, kwenye kundi la ukoo. Kushoto ubongo wa kijana, kulia ubongo wa mzee, wenye madoa meupe. Chini kaandika: "Wajomba, mnajionea wenyewe. Shamba la Urambo sasa lisimamiwe na vijana." Madole gumba yakamiminika.

Anayelengwa ni babu. Huyo huyo ambaye msimu uliopita alikaa barazani na stakabadhi za tumbaku mapajani, penseli sikioni, akagundua tumekatwa hela ya mifuko ya mbolea ambayo hatukuichukua. Sisi vijana wenye ubongo safi tulikuwa tumeshasaini.

Haya, tuje kwenye hizo picha. Madoa ni ya kweli, sibishi. Hutokea kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, yaani nyuzi zinazounganisha eneo moja na lingine, zilizovikwa mafuta yaitwayo mayelini. Kuna mbinu ya MRI, aliyoichapisha Peter Basser na wenzake mwaka 1994, inayofuatilia maji yanavyotembea humo. Nyuzi zikiwa nzima, maji hufuata mkondo, zikichakaa, yanatawanyika. Kipimo chake ni namba kati ya 0 na 1, na kwa wazee hushuka hata kama hawaumwi kitu, hasa sehemu za mbele.

Lakini jamani, hizo ni picha za watu wawili! Unapimaje mabadiliko kwa watu wawili tofauti? Mzee aliyezaliwa Tabora miaka ya arobaini kakua bila chanjo, kaishia darasa la nne, kaugua malaria utoto wake wote. Kijana wa 1998 kakua na chanjo, kalala kwenye chandarua, kasoma sekondari ya kata. Walaze wote wawili kwenye mashine moja, halafu uniambie tofauti unayoiona ni umri tu. Nyingine ni uzee, nyingine ni historia ya nchi hii. Ukitaka kujua ubongo unavyobadilika, mrudie mtu yuleyule baada ya miaka, kwa mashine ileile, kwa mipangilio ileile. Mashine ikibadilishwa, au mtu akitikisa kichwa, namba zinahama zenyewe. Na hapo napo pana mtego: wanaorudi kupimwa mara ya pili aghalabu ndio wenye nguvu zao. Waliodhoofika wamebaki nyumbani, au tumeshawazika.

UK Biobank, mradi mkubwa wa utafiti wa afya wa Uingereza, uliandikisha watu nusu milioni wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, ukaanza kuwapiga picha 2014. Kazi kubwa, heshima yao. Ila imeshaonekana kwamba waliojitokeza walikuwa na afya kuliko Mwingereza wa kawaida. Hao ndio tuwalinganishe na mkulima wa tumbaku?

Nakubali, shingo upande, kwamba madoa yakiwa mengi sana hatari ya kiharusi na ya kupoteza kumbukumbu hupanda, na kasi ya kufikiri hupungua. Babu mwenyewe siku hizi ukimuuliza jambo anakaa kimya kidogo kwanza. Kisha anajibu sawasawa, tofauti na baadhi yetu tunaojibu upesi.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba jambo la kufanya lipo. Presha ya juu ni mchochezi mkubwa wa madoa hayo. Mwaka 2019 utafiti wa SPRINT wa Marekani ulitoa majibu: waliolengwa kuteremshwa presha, ile namba ya juu, hadi chini ya 120, madoa yao hayakuongezeka sana kama ya wale waliolengwa chini ya 140. Na hao walipigwa picha mara mbili, watu walewale, yapata miaka minne katikati. Sisemi kila mzee ashushwe hadi 120, hilo ni la daktari wake.

Vidonge vya presha babu anavimeza vizuri malipo ya tumbaku yakishaingia. Yakichelewa, anameza leo, anaruka kesho, na hasemi. Nimelijua hilo kwa kuhesabu vilivyobaki kwenye kopo. Kwa hiyo nyie mnaoumia sana na ubongo wake, hela ya dawa za mwezi huu bado haijatimia, na namba yangu mnayo.