Mpaka Mashine Ilie

Leo ni siku ya tisa, na simu yangu imeniamsha saa kumi na moja alfajiri kunieleza jambo lile lile ililonieleza siku ya kwanza: lebo imetengenezwa, kifurushi bado hakijapokelewa. Ningependa iandikwe mahali, kwa wino usiofutika, kwamba kifurushi hicho nilikipeleka kwa mikono yangu miwili, nikakitua pale kwenye kaunta, na nilipogeuka kuondoka kilikuwa bado pale kikinitazama kama mtoto aliyeachwa bweni siku ya kwanza. Lakini mimi ni nani? Ni mtu mzima mwenye akili timamu, mlipa kodi wa jimbo la Ohio, ambaye ushahidi wake wote ukiwekwa mezani haufikii mlio mmoja wa mashine.

Vilikuwa viatu. Niliagiza vya namba 10, vikaja vya namba 12, ambavyo mguu wangu ukiingia humo unabaki unatafuta jirani. Muuzaji, kwa uungwana mkubwa, alinitumia lebo ya kurudishia iliyokwisha kulipiwa, akaniambia nibandike tu na kupeleka, na kwamba dola zangu 64 zingeanza safari ya kurudi mara kifurushi kitakaposkaniwa, yaani lebo yake kusomwa na mashine, kwa mara ya kwanza. Sentensi hiyo niliisoma haraka, kama tunavyozisoma zote. Printa ya nyumbani haikuwa na wino, kama kawaida yake, kwa hiyo nikachapisha maktaba. Mke wangu alinionya nisipitishe utepe wa gundi juu ya ile mistari myeusi, kwa kuwa mng'ao wake huichanganya mashine. Nikapitisha, kisha nikarudi maktaba kuchapisha nyingine.

Kampuni ya usafirishaji sitaitaja, kwa sababu bado inashikilia viatu vyangu. Kaunta yake iko ndani ya duka la vifaa vya ofisini, nyuma kabisa, baada ya viti vya kuzunguka, na siku hiyo nyuma ya kaunta alikuwapo kijana aliyekuwa akizungumza na simu kwa Kiswahili cha Bukavu. Moyo wangu ulifunguka. Nilijua nimepata mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hakuachi hivi hivi.

"Jambo, papa," akasema kwa adabu zote. "Weka tu pale."

Pale palikuwa na kilima cha vifurushi kilichofika kiunoni, kimoja juu ya kingine, kama magunia ya mahindi yanayosubiri mnunuzi asiyejulikana. Nikamwomba, kwa sauti ya mtu anayejiheshimu, aniskanie kwanza ndipo nikiweke.

"Hapa hatuskanake, papa. Gari itakuja saa kumi na moja, bataskani kule."

"Kule wapi, mwanangu?"

"Kule mbele."

Nawaomba wanaokijua Kiswahili hicho wautazame ule mkia wa "hatuskanake". Mimi ningesema "hatuskani", na pangekuwa na mlango wa kubishana, kwa maana mtu aliyekataa leo anaweza kubembelezwa. Lakini ule mkia unalifanya jambo kuwa desturi iliyokuwapo kabla yetu sote, na desturi haibembelezwi. Wakati huo huo mashine yenyewe ilikuwa imening'inia kiunoni pake kama bastola. Akaja mama mmoja na boksi lisilo na lebo, akalipia pale pale kaunta, na kijana akaichomoa ile mashine: tii! Mama akapewa risiti ndefu yenye namba ya kufuatilia, akaikunja vizuri, akaondoka zake.

Nikauliza, bado kwa utulivu, kwa nini yule ameliliwa na mashine na mimi hapana. Kijana akanieleza kwamba yule amelipia hapa, na changu kimelipiwa tayari. Yaani kosa langu ni kulipiwa mapema! Kwetu Tanzania ukinunua umeme wa LUKU unalipa kabla, unapewa tarakimu 20, unaziingiza kwenye mita na taa inawaka. Hakuna anayekwambia kaa gizani mpaka gari ije saa kumi na moja. Nilipoanza kuyasema haya foleni ilikuwa imefika kwenye viti vya kuzunguka, na wengine walikuwa wamekwisha kuvikalia.

"Piga foto, papa," kijana akaniambia kwa huruma ya kweli. Nikaipiga. Imo kwenye simu yangu hadi leo, katikati ya picha za wajukuu.

Muuzaji ameiona hiyo picha na kujibu kuwa picha si uthibitisho. Huduma kwa wateja nimewapigia, na muziki wao sasa nauimba bafuni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mambo haya yalianzia humu humu Ohio. Tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, mashine ya dukani ilisoma mistari ya bidhaa kwa mara ya kwanza, na bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's ya senti 67. Chingamu! Ilifika kaunta, ikaliliwa, ikatambuliwa. Na aliyeanzisha wazo la mistari ya namna hiyo, Norman Joseph Woodland, alilipata kwa kuburuta vidole kwenye mchanga wa ufukweni, kisha yeye na mwenzake wakapata hataza, yaani haki ya wavumbuzi, mwaka 1952. Mimi nimeburuta vidole kwenye mchanga wa Tanga utoto wangu wote na sikuambulia ila kuchapwa kwa kuchelewa chuoni. Jamani, ni mlio mmoja tu ninaoutaka! Hata wa uongo, hata ailize kwa mdomo!

Jana nimempigia mama, ambaye amekuwa akituma madafu na vitumbua kwa basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam tangu sijaota ndevu. Yeye huandika jina na namba ya simu juu ya boksi kwa kalamu nene, humkabidhi kondakta nauli ya mzigo, na basi likifika Mbezi kondakta humpigia dada yangu na kumgombeza kwa kuchelewa kuja. Nilimweleza habari ya viatu tangu mwanzo, lebo, kilima, gari la saa kumi na moja, na yeye akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu," akauliza, "namba ya dereva hukuichukua?"

Kalamu nene nimeshainunua, dola 3. Leo saa kumi na nusu nitakuwa nimesimama pale nje ya duka, upande wanakopakilia.