Ile S8 ilivyopanda, na kwa nini mimi ndio kwanza naiamini

Tuseme ukweli, habari za anga zikifika kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hapa Kampala zinakuwa zimeshaongezwa chumvi na watu kumi. Miaka kadhaa watu walikuwa wanafowadi tu "wanasayansi wachanganyikiwa, ulimwengu haufuati hesabu", wengine wanaapa kabisa Einstein kaanguka. Halafu 2025 timu moja ya Ulaya ya wapima galaksi, KiDS, ikatoa matokeo yake ya mwisho ikasema jamani, ile namba S8, ya jinsi vitu ulimwenguni vilivyojikusanya, kwa upande wetu inakubaliana na hesabu. Hiyo hakuna aliyeifowadi. Na kwangu mimi hiyo ndiyo tamu kuliko zote.

Ngoja nieleze kitu chenyewe kwanza. Kitu kizito kinapinda mwanga unaopita karibu nacho, Einstein aliandika nadharia hiyo 1915, na Eddington, mwanaanga Mwingereza, akaenda kisiwa cha Príncipe kwenye kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919 akapiga picha nyota zilizoonekana karibu na jua zikakutwa zimesogea kidogo. (Mlioenda Pakwach Novemba 2013 mnalijua lile giza la mchana, ila nyinyi mlipewa sekunde tu, yeye alikuwa na dakika kama tano na mawingu juu.)

Sasa toa jua, weka mata ya giza, ile isiyotoa mwanga wala kuakisi. Nayo ina uzito, kwa hiyo galaksi za mbali zilizoko nyuma yake mwanga wao ukipita hapo picha zao zinavutwa kidogo, na hiyo kidogo ni kidogo kweli, asilimia 1 au chini yake. Tatizo ni kwamba galaksi zenyewe hazikuwa duara tangu mwanzo, kila moja ina umbo lake, ndefu, bapa, imelala hivi, imelala vile. Ni kama shamba la migomba kule Masaka, kila mgomba umeinama kivyake, huu kwa mkungu mzito, ule kwa uzee, ukiangalia mmoja huwezi kujua upepo ulipita wapi, lakini ukipima shamba lote ukakuta kwa wastani upande huu migomba imelalia njia moja basi upepo ulipita tu hata kama hukuwepo. Ndiyo maana wanahitaji galaksi mamilioni. Mwaka 2000 timu nne tofauti ndizo zilizoiona hii dalili angani kwa mara ya kwanza, na baadaye wale wa DES, timu nyingine ya wapima galaksi yenye darubini kule Chile, kamera yao megapikseli 570, wakapima maumbo ya galaksi kama milioni 100 kwenye data ya miaka yao mitatu ya kwanza tu.

Kinachotoka mwisho wa kazi yote hiyo ni namba, wanaiita S8. Inakwambia vitu ulimwenguni vimejikusanya mabonge-mabonge kiasi gani, ukiunganisha na mata yote iliyopo. Satelaiti ya Planck iliangalia mwanga mkongwe kabisa, wa ulimwengu ukiwa na miaka 380,000 hivi, ukipeleka hesabu yake mbele mpaka leo unapata kama 0.83. KiDS kufikia 2021 wakawa na 0.76 hivi, DES 0.776. Hapo ndipo kelele zilipoanzia, kwamba labda graviti yenyewe tumeielewa vibaya.

Halafu KiDS wakarudi na data kamili, 0.815.

Sasa najua mtu atasema aha, wameipika ifanane na Planck. Na ni swali zuri sana, mimi mwenyewe ningeuliza, kwa sababu sote tunajua utafiti unavyofanywa sehemu nyingine, mwanafunzi anajua jibu ambalo bosi analitaka kabla hata hajagusa data, namba zikikataa anarudi "kusafisha" mpaka zikubali, zikishakubali ghafla usafi umetosha. Nimeona hayo kwa macho yangu na sitataja ni wapi.

Lakini hawa jamaa wanajifunga macho. Kataloji ya maumbo, yaani orodha ya vipimo vya galaksi, inatengenezwa kopi tatu, moja ndiyo ya kweli na mbili zimevurugwa makusudi, na ufunguo wa kujua ipi ni ipi anakaa nao mtu asiyefanya uchambuzi. Timu inafanya kazi yote kwenye kopi zote, inagombana kuhusu kila hatua, inakubaliana kwamba tumemaliza, ndipo inafunguliwa. Ikishafunguliwa hakuna kurudi kusafisha. DES nao wana njia yao ya kuvuruga namba. Kwa hiyo ile 0.815 haikusukumwa na mtu aliyekuwa anaikodolea macho Planck, maana hakujua anasukuma nini.

Na sababu ya kupanda ni ya kawaida mno, haifai hata kwa kichwa cha habari. Sehemu kubwa ilikuwa umbali. Huwezi kupima umbali wa kila galaksi kwa uhakika, unaukadiria kwa rangi zake, KiDS walitumia filta tisa, na makadirio yakienda kombo kidogo S8 nayo inakwenda nayo. Walipata galaksi nyingi zaidi zenye umbali uliopimwa vizuri za kulinganishia, wakaongeza eneo la anga, wakasafisha namna ya kuchakata picha. Basi. DES bado wako chini, mjadala haujafungwa, na Euclid, darubini ya angani ya Ulaya iliyorushwa Julai 2023, imepanga kutoa data yake kubwa ya kwanza Oktoba 2026, tutaona.

Ningekuwa mwalimu wa fizikia pale Makerere au Mbarara, hiyo ya kopi tatu ningeifundisha kabla ya hiyo mata ya giza yenyewe. Na usiniambie hatuna darubini. Mwaka 2011 kulikuwa na shindano la wazi la kupima maumbo ya galaksi, na aliyewashtua wataalamu ndani ya wiki moja alikuwa mwanafunzi wa PhD wa barafu za milimani, za aina ya zile zetu za Rwenzori zinazoisha, hakuwa mtu wa anga kabisa. Data za DES na KiDS zipo wazi kwa yeyote. Ila chukueni kataloji tu, msidownload picha, MB zenu zitaisha kabla ya chai ya saa nne.