Jengo jipya lina kila kitu ila mkalimani

Jumanne ya wiki iliyopita nilimsindikiza jirani yangu mahakamani, alikokwenda kumdhamini nduguye. Ni mahakama ya hakimu, moja ya zile za pembezoni mwa Kampala. Sitaitaja jina, kwa sababu nilichokiona pale kingeweza kutokea katika mahakama yoyote kuanzia hapa hadi Arua. Jengo ni jipya. Mlangoni pana jiwe la ufunguzi lenye majina ya wafadhili, sakafu ni ya vigae, hakimu ana kompyuta mezani, na pana mteremko wa kupitishia viti vya magurudumu. Nilifurahi kuuona ule mteremko, maana mahakama ya zamani watu walibebwa mgongoni.

Ikaitwa kesi iliyotutangulia. Mshtakiwa ni mama wa Kikongo, mchuuzi wa vitenge, mmoja wa wale wanaozunguka na mzigo kichwani kutoka Nsambya hadi Kabalagala. Kosa: wizi wa vitenge. Shtaka likasomwa kwa Kiingereza. Karani akamgeukia, akamwuliza kwa Kiganda. Mama akamtazama tu. Karani akajaribu Kiswahili alichookota njiani: "Mama, wewe nachukua vitenge ya huyu mutu, ndiyo?"

"Ndiyo, nilibebaka," mama akajibu. "Iko na deni yangu tangu mwezi wa ine."

Karani akamwambia hakimu: amekubali kosa. Hakimu akainama kuandika.

Mama hakukubali kosa lolote. Alisema alichukua mali kwa sababu mwenye mali anadaiwa naye. Sheria yetu ya jinai inasema wizi ni kuchukua kwa hila na bila dai la haki. Alichokuwa akikisema, kwa sauti inayosikika hadi benchi la nyuma, ndicho hasa utetezi wake, na kilikuwa kinaingia kwenye jalada kama ungamo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililimaliza jambo hili mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri: mshtakiwa aelezwe kosa, kipengele kwa kipengele, kwa lugha yake au lugha anayoielewa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Miaka zaidi ya hamsini imepita. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 28, ikaongeza kwamba asiyeelewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila kulipa hata shilingi.

Nilinyoosha mkono. Askari akaniashiria nikae. Nikasema kwa sauti, "Mheshimiwa, sivyo alivyosema." Hakimu, namshukuru, hakunifukuza. Akaniuliza kama Kiswahili nakijua sawasawa. Nikamjibu kwamba nimezaliwa Arua, nikakulia kwenye kota za askari, na Kiswahili ndicho tulichochezea na kugombania. Nikaapishwa. Mimi ninayeuza chaja na vioo vya simu nikawa mkalimani wa mahakama, bila dakika moja ya kufundishwa.

Nikajitahidi. Nilimwuliza mama kama alichukua akijua ni vya mwenzake, au aliamini vimekuwa vyake kwa lile deni. Akajibu, nikatafsiri, na hakimu akafuta alichokiandika, akaandika kwamba amekana. Nje, wakili mmoja mzee akanishika bega akaniambia, "Mwanangu, umefanya vizuri, lakini swali lile halikuwa lako kuuliza. Mkalimani hutafsiri, haulizi." Ana haki. Nilimsaidia mama, lakini siku nyingine mtu kama mimi atauliza swali kama lile na kummaliza mshtakiwa. Tafsiri ya mahakama ni kazi yenye kanuni zake, na watu huisomea.

Sasa nirudi kwenye lile jiwe la mlangoni. Tangu mpango wa sekta ya sheria, JLOS, uanze kuelekea mwaka 2000, Waholanzi, Waairishi, Wadenmark, Waswidi na wengine wamemimina pesa kwenye mageuzi ya mahakama zetu. Vipaumbele vya mwanzo vilikuwa viwili, kesi za biashara na kesi za jinai. Naelewa kwa nini biashara ilitangulia. Kitengo cha biashara cha Mahakama Kuu kilikuwa kimeanzishwa 1996, na mwenye kampuni akilia kwamba kesi haiishi, kilio chake husikika mbali. Kinachoniuma ni kwamba mwenye kampuni anakuja na wakili, na wakili anakuja na Kiingereza. Yule ambaye shida yake ya kwanza ni kuelewa anachoulizwa hajawahi kuitwa kwenye kikao cha kupanga bajeti. Jengo lina picha ya kupiga siku ya ufunguzi. Semina ina orodha ya mahudhurio, na orodha huwekwa kwenye ripoti ikahesabiwa. Tafsiri sahihi haipigwi picha. Unachopata ni mtu mmoja ambaye hakufungwa kwa neno asilolisema, na hakuna anayejua kwamba alikaribia kufungwa.

Chukueni mfano wa makubaliano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa anakiri ili apunguziwe adhabu, yaliyoanza kwetu 2014 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Pepperdine cha Marekani. Wanafunzi na mawakili wanaingia magerezani, wanakaa na mahabusu, wanazungumzia adhabu. Magereza yamejaa, na aliyekaa rumande miaka bila kuitwa ana haki ya kujua mwisho wake. Kanuni za 2016 zinataka makubaliano yaelezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Je, anayemweleza ni nani? Jedwali la tatu la Katiba linataja makabila 65. Juu yake tuna wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi wao kutoka Sudan Kusini na Kongo. Mtu anatia saini miaka kumi ya maisha yake. Anayemfasiria akikosa neno moja, miaka hiyo hairudishwi na mtu yeyote.

Nakiri kuna msaada uliofanya kazi. Utaratibu wa madai madogo, usiozidi shilingi milioni 10, unakuwezesha kudai chako bila wakili. Niliutumia mwenyewe, nikalipwa. Na wanasheria wa mashirika ya msaada wa kisheria wamewatoa rumande watu wengi. Lakini DGF, mfuko wa pamoja wa wafadhili wa Ulaya, uliokuwa ukiyalisha mengi ya mashirika hayo ulisimamishwa na Rais Januari 2021, ukaruhusiwa tena 2022, na kufika mwisho wa mwaka huo ukafungwa. Mapema 2025 pesa za Marekani nazo zikakatwa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walishasema, na sisi tumeivaa zaidi ya miaka ishirini.

Najua yapo makubwa zaidi. Novemba 2005 watu wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu. Januari 2025 Mahakama ya Juu ilikataza raia kushtakiwa mbele ya mahakama za kijeshi, na Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha huko. Hayo yana waandishi wengi. Mama wa vitenge hana.

Na lawama kubwa siwatupii wageni. Mkalimani wa bure ni ahadi tuliyoiandika sisi wenyewe. Kiswahili tulikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likarudia kukiidhinisha. Tangu 2020 Idara ya Mahakama ina sheria yake ya uendeshaji, ambayo tuliambiwa itaipa nguvu ya kujipangia mambo yake. Basi ajira ya wakalimani iwe kwenye bajeti yetu, kwa mshahara unaojulikana, na mafunzo, na kiapo, na mtu wa kulalamikiwa wakikosea. Mfadhili akitaka kusaidia, agharimie hayo mafunzo badala ya kikao kingine cha siku tatu hotelini. Na pale ukutani, chini ya jiwe la ufunguzi, ibandikwe karatasi moja: lugha gani zina mkalimani hapa, ni nani, na anapatikana siku gani.

Mama alirudishwa rumande, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumdhamini mwenye makazi ya kudumu. Alipokuwa akipandishwa gari la magereza aliniuliza kama nitakuja tena. Karani alikuwa ameshaniambia nisiwe na shaka, mkalimani atatafutwa. Leo asubuhi nimempigia simu. Hajapatikana, na kesi ni Jumanne.