Mama asiyemsifu mwanawe uzuri

Washauri wa malezi siku hizi wana wimbo mmoja: mwambie mtoto kila siku kwamba ni mzuri, asije akaenda kuokota sifa barabarani. Mama anayemjibu binti yake "uzuri hauliwi" huonekana mkavu, mshamba, hata mwenye kijicho. Mimi nadhani tunamhukumu haraka.

Washauri wana hoja. Mtoto wa kwetu hupimwa kabla hajafungua macho vizuri. Wanaokuja kumtazama humgeuza sikio na kukagua mizizi ya kucha, wajue atatulia na rangi gani. Akianza kutembea anaitwa ndani: "Toka juani, utakuwa mweusi!" Akifika darasa la 3 keshapewa jina, Tipwatipwa au Kimbaumbau. Sifa za mama zinakuja kutibu kidonda hicho.

Lakini sifa nazo ni mizani ileile. Mama akisema "cheupe wangu huyu, mzuri kweli," amemfurahisha mmoja na hapohapo amemtia kasoro dada yake anayemenya viazi pembeni. Tena yule aliyesifiwa anajifunza kuogopa jua. Hakuna aliyemtukana mtu, na watoto wawili wameumia.

Mwigizaji Lupita Nyong'o aliligusa hili Februari 2014, siku chache kabla ya kupata tuzo ya filamu ya Oscar. Alieleza kwamba utotoni alimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe zaidi. Mama yake alimwambia mara nyingi kuwa ni mzuri. Haikumtuliza: ni mama yangu, angesema nini kingine? Kilichomgeuza ni kumwona mwanamitindo Alek Wek, Msudani Kusini mweusi kama yeye, akishangiliwa dunia nzima. Hapo hakuna upande wa wazazi unaoweza kujitapa. Ila kauli ya mama iliyomkera miaka mingi na asiisahau, hata akaja kuifafanua ukubwani mbele ya watu, haikuwa sifa. Ilikuwa ile kavu, kwamba uzuri hauliwi. Alikuja kuielewa kwamba sura si kitu cha kuegemea maisha yako yote.

Kwa hiyo sioni ubaridi katika kauli hiyo. Naona mama anayekataa kuingia sokoni. Na soko lipo: mkorogo wa kujichubua ngozi wenye zebaki, inayoharibu figo, bado unapenyezwa madukani, ingawa mwaka 2023 huko Geneva nchi zilikubaliana vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe kufikia 2025. Mkataba unaweza kukamata kopo. Sauti ya "toka juani" haupati pa kuikamata.

Ninachowakubalia washauri ni kwamba kunyamaza kabisa ni hatari. Mtoto akirudi analia kwa jina aliloitwa, "uzuri hauliwi" peke yake haitoshi. Anataka kusikia kwamba aliyemwita hivyo amekosa adabu. Wazazi wengi wa kimya huteleza hapo, maana hofu ya kumdekeza huwafanya wamwache mtoto apambane mwenyewe.

Dada yangu alipojifungua, shangazi alifika, akambeba mtoto, mkono ukaenda moja kwa moja sikioni. "Huyu weusi utamkolea," akasema. Dada akanyoosha mikono kumchukua mwanawe. "Hajambo, shangazi. Leo kanyonya vizuri."