Oili chafu kwenye tanuri la visu

Anayefua visu kwa springi za lori au tupa zilizochoka hawezi kukwepa suala la moto. Mkaa unazidi kupanda bei, mtungi wa gesi huisha katikati ya kazi, na nyuma ya gereji pana pipa la oili chafu ambalo mwenye gereji mwenyewe hajui alipeleke wapi. Wanaosubu sufuria za alumini wanaichoma oili hiyo siku nyingi. Kwa nini mhunzi wa visu asiichome?

Watetezi wake wana hesabu nzuri. Kilo moja ya mkaa mzuri ina megajuli 29 au 30 za joto. Lita moja ya oili ya injini, yenye uzito wa gramu 880 hivi, hutoa karibu megajuli 38. Kwa hiyo lita moja ni sawa na kilo moja na robo ya mkaa. Tena mkaa una deni lililobaki porini: kwenye tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni, kutegemea ubichi wa mti na mkono wa mchomaji. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi, na mhunzi anayeachana na gunia la mkaa anaweza kusema naye amechangia, japo hapiki ugali. Wana hoja nyingine ngumu kuikataa: oili hiyo isipochomwa, mara nyingi huishia mtaroni, au hupakwa mbao kuzuia mchwa na baadaye mvua ikaiosha ikaingia ardhini.

Kwa joto lenyewe hakuna ubishi. Chuma cha springi, hasa aina inayojulikana kama 5160, hufuliwa vizuri kwenye nyuzijoto 1,100 hadi 1,200, na oili inafika huko bila taabu.

Taabu ni kuiwasha. Oili ya injini haishiki moto kama mafuta ya taa. Mvuke wake hauwaki mpaka ipite nyuzijoto 200 hivi. Lazima ipashwe au ipasuliwe iwe ukungu. Njia ya mafundi wengi ni kuidondosha kwenye bomba la chuma ambalo tayari limeiva kwa kuni au gesi, huku feni ikisukuma upepo. Iko pia njia ya Mmarekani Robert Babington: oili inatiririka juu ya tufe lenye tundu dogo sana, na hewa ya kompresa inayotokea tunduni huirusha kama vumbi. Hiyo ni safi zaidi, na haizibi ovyo kwa sababu oili yenyewe haipiti tunduni, ila inataka kompresa inayofanya kazi muda wote.

Maji ndani ya oili hufanya moto urushe cheche na kukohoa, kwa hiyo dumu liachwe litulie siku kadhaa, kisha ichotwe ya juu na kuchujwa kwa kitambaa. Umeme nao unakatika. Feni ikinyamaza huku oili ikiendelea kudondoka, tanuri la moto linajaa mvuke, na umeme ukirudi upepo unakuta mlipuko umeshaandaliwa. Koki ya oili ifungwe kwanza, feni ifuate. Na asitokee mtu wa kuongeza petroli ili iwake haraka.

Bomba likishaiva na upepo ukikaa sawa, moshi mweusi hupotea kabisa. Hapo watetezi hufunga mjadala: hakuna moshi, basi hakuna madhara. Mimi naona hapo ndipo ulipaswa kuanza.

Moto hula kaboni, metali haziliki. Oili ya injini hutengenezwa ikiwa na kiungo cha zinki cha kupunguza mikwaruzo, na ikishazunguka kwenye injini huchukua chembe za chuma, shaba na kromu, pengine na risasi ya beringi. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, hilo lilipunguza tatizo bila kulimaliza. Vyote hivyo vikiingia kwenye mwali mzuri usio na moshi hugeuka vumbi jembamba lisiloonekana. Sehemu hubaki kama ukoko ndani ya tanuri, nyingine hupanda na hewa. Moshi mweusi walau humkimbiza mtu, ila vumbi hili mtu hulivuta akiwa ametulia.

Marekani haikuipiga marufuku. Inaruhusu karakana kuchoma oili yake yenyewe kwenye hita ndogo, kwa sharti kwamba moshi utolewe nje. Oili ya kuuzwa kama nishati ya kawaida isizidi sehemu 100 za risasi kwa kila milioni, kromu 10, aseniki 5, kadimiamu 2. Mhunzi wa kwetu hana maabara, na banda lake la mabati halina dohani. Jirani yake ni mama lishe.

Hata angekuwa na dohani, hajui dumu limetoka wapi. Gereji hukusanya kila kitu humo: oili ya gia, mafuta ya breki, dawa ya kuoshea vipuri. Mbaya kuliko yote ni oili ya transfoma, ambayo huibwa na kuuzwa mitaani. Baadhi ya transfoma za zamani zina PCB, kemikali ambayo ikichomwa kwa joto lisilotosha huzaa dioksini, sumu kali. Tanuri la mhunzi linawaka, linazimwa, linapoa, linawashwa tena. Huwezi kuliamini na kitu hicho. Tanuri la saruji ni jambo tofauti, kwa sababu linafika nyuzijoto 1,400 na ushee mfululizo, na metali nyingi hufungwa ndani ya saruji yenyewe. Oili ya gereji ikipata njia halali ya kufika huko, au kwenye mtambo wa kuisafisha upya, ndiko iende.

Mafuta yaliyokaangia chipsi ni habari nyingine. Hayana zinki wala risasi ya kuhofia. Joto lake linapungua kidogo, kama megajuli 34 kwa lita. Ya mawese huganda asubuhi ya baridi, na yana chumvi na makombo ya kuchujwa. Lakini kila dumu analonunua mhunzi ni dumu ambalo halitarudi kukaanga mihogo mara ya kumi. Kwa hilo tu namuunga mkono.

Ila kisu ni kitu kidogo. Kichomeo cha oili kinapenda kunguruma. Ukikipunguza kinatoa moshi. Wakati wa kutia ugumu, 5160 inataka nyuzijoto 830 hivi, juu kidogo ya pale sumaku inapoacha kuvuta, na ubapa mwembamba ukiachwa upite sana hapo chembe za chuma hukua na makali huja kumeguka. Unaweza kuchomeka bomba nene tanurini na kupashia kisu ndani yake. Lakini karakana ya mapanga na majembe, inayowasha asubuhi na kuzima jioni, ndiyo yenye faida ya kweli: ijenge tanuri lake kwa kaolini ya Pugu, udongo mweupe unaostahimili moto, iweke dohani, ichome mafuta ya chipsi. Mwenye visu viwili kwa wiki atatumia oili nyingi kupasha tanuri kuliko kupasha kisu. Huyo akae na shimo dogo la mkaa na feni ya rimu ya baiskeli, ambayo haijui mgao wa umeme.

Halafu kuna ndoo iliyo pembeni ya tanuri, ya kuzimia kisu ili kishike ugumu. Mafundi wengi walioikataa oili chafu kama kuni ndiyo hiyo hiyo wanayozamishia kisu chekundu, nyuso zimeinama juu yake. Mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi nyuzijoto 50 au 60 yanaipa 5160 ugumu ule ule.