Siku ya kumi na mbili

Jana asubuhi simu iliita nikiwa bado kitandani. Nesi wa kliniki ya huku ninakotibiwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Hakuuliza kama nimepona. Aliuliza, "Kichefuchefu kimepungua? Usingizi unakuja?" Halafu akasema, "Leo ni siku ya kumi na mbili tu tangu uanze dawa, bado mapema." Nilibaki na simu mkononi muda mrefu.

Najua mtakachosema: kafika ughaibuni juzi, leo anatufundisha. Hapana, jamani. Dawa hii hii niliwahi kupewa nyumbani, sertralini, dawa ya sonona, ya miligramu 50, ndani ya bahasha iliyoandikwa "1x1". Basi. Hakuna aliyeniambia kwamba nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na kwamba dawa yaweza kuchukua wiki sita hadi nane kufanya kazi sawasawa. Siku ya tisa mdomo umekauka, tumbo linachafuka, moyo mzito vilevile. Nikazitupa. Ndugu yangu mmoja akasema ni mawazo tu, nami nikamwamini.

Hapo ndipo ninapoumia. Kidonge ni kilekile! Kumweleza mgonjwa kwa dakika tano hakuhitaji mashine. Dawa inaanza kugusa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, ndani ya saa chache, ila ubongo unahitaji wiki kadhaa kujipanga upya; ndiyo maana maudhi yanatangulia na nafuu inachelewa. Anayejua hilo anavumilia. Asiyejua, kila asubuhi anaamka na uhakika kwamba yeye hatibiki. Na kwa walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka wiki hizo za mwanzo. Hilo mnamwachaje mtoto wa watu aligundue peke yake usiku?

"Nesi mmoja, wagonjwa wangapi?" Najua, foleni hizo nimezikalia. Simlaumu nesi. Naomba sentensi moja tu: usiache, rudi ukizidiwa, bado mapema.

Na huku nako tusidanganyane. Baada ya simu ile sikusikia sauti ya mtu mpaka usiku. Nilipougua nyumbani, shangazi alikuja bila kuitwa. Neno sonona hakulijua, lakini aliniamsha nikaoga, akanitoa nje nikae juani, akakaa nami kimya. Hakuna kliniki iliyowahi kunipa kitu kama kile.

Huku juani najitoa mwenyewe. Nyuma ya mlango nimebandika kalenda. Nikimeza, naweka alama kwa penseli. Siku nikiweza, natembea hadi mwisho wa barabara. Nikishindwa, naoga. Nikishindwa na hilo, nanawa uso, nameza, naweka alama, narudi kulala.

Jana usiku nikampigia shangazi, nikamweleza yote, mpaka habari ya wiki sita. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo leo tuko ya ngapi?" Asubuhi hii nimekuta ujumbe wake: "Ya kumi na tatu. Umemeza?"